Jua Likishazama

Barafu ndiyo iliyowaacha watu vinywa wazi. Mwaka 1878, kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris, mwalimu wa hesabu aitwaye Augustin Mouchot alisimamisha kioo kikubwa cha umbo la koni, mdomo wake ukielekezwa juani, na katikati yake akaweka boila ya shaba iliyopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kioo. Miale iliyogonga kuta za koni ilirudi yote kwenye boila. Maji yakatokota bila kijiti hata kimoja cha kuni, mvuke ukaendesha pampu, na joto hilohilo, lilipounganishwa na mashine ya kugandishia ya zama zile, likatoa donge la barafu. Jua la kaskazini mwa Ufaransa, ambalo wenyeji wenyewe hawalisifii, lilikuwa limegandisha maji. Waamuzi wakampa Mouchot medali ya dhahabu.

Hakuwa mtu wa mazingaombwe. Tangu 1860, akiwa mwalimu wa shule mjini Alençon na baadaye Tours, alikuwa akihangaika na jambo moja: viwanda vya Ulaya vinakula makaa ya mawe kwa pupa, na makaa hayaoti tena. Mwaka 1869 alichapisha kitabu kizima kuhusu joto la jua na matumizi yake viwandani. Serikali ikamfadhili, ikampeleka Algeria, koloni lenye jua la kumwaga lakini lisilo na makaa. Miaka minne baada ya maonyesho, msaidizi wake Abel Pifre aliendesha mashine ya kuchapia kwa mvuke wa jua katika bustani ya Tuileries, ikatoa nakala 500 kwa saa za kigazeti kilichotayarishwa kwa ajili ya siku hiyo.

Halafu kukawa kimya. Makaa kutoka Uingereza yalishuka bei, reli zikayafikisha kila mahali, na tume ya serikali iliyoipima mitambo ya jua ikaamua kwamba haina faida. Mouchot alirudi kwenye hesabu zake. Alikufa Paris mwaka 1912, fukara.

Ukisoma historia ya nishati ya jua, mara nyingi hukumu huishia hapo: makaa yalikuwa rahisi, jua likashindwa. Kwangu hiyo ni nusu ya kesi. Tazama mwaka uleule wa 1882 ambao Pifre alikuwa akichapisha kigazeti chake. Septemba, Thomas Edison alifungua kituo cha umeme cha Pearl Street jijini New York, na taa zikawaka. Ziliwaka jioni, wakati watu wanazihitaji. Rundo la makaa nyuma ya jengo halikujali saa ngapi limechomwa. Makaa ni jua la kale lililofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka; yalikuja sokoni tayari yamehifadhiwa, na gharama ya kuyahifadhi hakuna aliyeilipa. Jua la Mouchot lilikuwa bichi, la kutumika palepale. Ghala hakuwa nalo, na jiji ni mnyama wa jioni: hupika, huoga, husoma na huburudika giza likishaingia. Mwaka 1884 Mmarekani mwingine, Charles Fritts, aliweka kwenye paa la nyumba moja ya New York paneli za madini ya seleniamu zilizotoa umeme moja kwa moja kutoka kwenye mwanga. Zilibadili kama asilimia moja tu ya mwanga kuwa umeme. Lakini hata kama zingebadili 20, saa moja usiku zingekuwa vioo vya urembo.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Wahandisi hawa walichumia juani vizuri sana. Pa kuweka mavuno ndipo walipokosa.

Waliotatua sehemu ya kwanza ya fumbo hili hawakuwa maprofesa, walikuwa wafanyabiashara wa matangi na mabomba. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza ya chombo alichokiita Climax: matangi ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi, yakalazwa ndani ya sanduku lenye kifuniko cha kioo, sanduku likapandishwa juu ya paa. Mchana maji yalipata moto, jioni ukafungua bomba ukaoga. California kulikuwa na jua jingi na makaa ghali, na biashara ikashamiri huko. Katika mji wa Pasadena, kufikia 1897, karibu theluthi moja ya nyumba zilikuwa na Climax. Kasoro yake kila mwenye nyumba aliijua: kioo kinachopitisha joto kuingia mchana ndicho kinacholitoa nje usiku. Anayeoga alfajiri alioga maji baridi.

William J. Bailey aliitazama kasoro hiyo akaona dawa yake ni talaka. Mwaka 1909 alitenganisha kinachokusanya joto na kinacholitunza. Juu ya paa aliweka sanduku jembamba lenye mabomba ya shaba yaliyojikunja juu ya bati jeusi, chini ya kioo. Tangi akaliweka ndani ya nyumba, juu zaidi ya sanduku, akalifunika kwa tabaka nene la kuzuia joto lisitoroke. Pampu hakuhitaji. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tangini, na yale ya baridi yaliyo chini ya tangi hushuka kuchukua nafasi yao. Mzunguko huo huendelea kutwa nzima kimyakimya, na jua likizama husimama wenyewe. Asubuhi maji bado ni ya moto. Kampuni ikaitwa Day and Night, na jina lilikuwa tangazo tosha: baada ya miaka michache biashara ya Climax ilikuwa imekwisha.

Mwaka 1913 baridi kali isiyo ya kawaida iliipiga California kusini, mabomba yakaganda na kupasuka. Bailey akaja na mabomba yanayozungusha mchanganyiko wa maji na alkoholi usioganda, ambao hupitisha joto lake kwa koili iliyo ndani ya tangi bila kuchanganyika na maji ya kuoga. Kilichomshinda kilikuja miaka ya 1920: gesi asilia iligunduliwa kwa wingi katika bonde la Los Angeles, na kampuni za gesi zikawarahisishia wateja kujiunga. Bailey alikuwa mfanyabiashara, si shahidi wa dini. Aligeukia majiko ya gesi ya kupashia maji, na jina lilelile la Day and Night likawa miongoni mwa makubwa katika biashara hiyo. Teknolojia yenyewe ilihamia Miami, ambako kufikia 1941 zaidi ya nusu ya wakazi walioga maji ya jua, hadi vita vilipozuia shaba na umeme rahisi ukamaliza kazi. Ikatokea tena Israel miaka ya 1950, na tangu 1980 sheria ya nchi hiyo inalazimisha nyumba mpya kuwa nayo. Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2012, zikitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate sehemu kubwa ya joto hilo kutoka juani. Matangi yanayoonekana juu ya mapaa ya Nairobi leo ni wajukuu wa tangi la Bailey, umbo halijabadilika sana. Nikiulizwa ni ghala gani la jua lililofanikiwa kuliko yote hadi sasa, nitataja hilo, ingawa hakuna anayelitungia makala za kumeremeta.

Lakini tangi la kuogea haliwezi kuendesha kiwanda. Ndoto ya Mouchot ilikuwa ya injini, na aliyeirithi alikuwa Frank Shuman.

Shuman alizaliwa Brooklyn mwaka 1862, na utajiri wake ulitokana na kioo: alivumbua njia ya kutia wavu wa waya ndani ya kioo ili kikipasuka kisianguke vipandevipande. Akiwa na fedha zake mwenyewe, mwaka 1907 alijenga uani kwake Tacony, Philadelphia, mtambo mdogo uliotumia jua kuchemsha etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo kuliko maji, na mvuke wake ukazungusha injini. Mwaka 1911 akaupanua. Wakati huohuo, katika jangwa la Needles, California, Henry Willsie na John Boyle walikuwa wameshapiga hatua ambayo haitajwi sana: walihifadhi maji yaliyopashwa na jua ndani ya tangi lililofungwa vizuri, kisha usiku wakayatumia kuchemsha kimiminika kingine chepesi kilichoendesha injini. Injini ya jua iliyofanya kazi gizani! Ilikuwa ghali, haikupata mnunuzi.

Shuman alielewa kwamba soko lake haliko Philadelphia. Lazima liwe mahali penye jua la kutosha, makaa yanayoletwa kwa meli kutoka mbali, na maji ya kupampu. Hiyo ni Misri. Wawekezaji wa London walikubali kutia fedha, lakini kwa tahadhari ya watu wa London: wakamleta mwanafizikia C. V. Boys aukague mpango. Boys akapendekeza badiliko kubwa. Badala ya masanduku ya kioo yenye vioo bapa kandokando, tumia mifereji mirefu ya vioo iliyopindwa kwa umbo la parabola, bomba la boila likipita katikati pale ambapo miale yote hukutana. Pendekezo hilo la mshauri aliyelipwa kuja kukosoa ndilo linalotumika hadi leo jangwani.

Mahali palipochaguliwa ni Maadi, kitongoji kipya cha bustani na nyumba kubwa kilichokuwa kikijengwa kando ya Nile, kusini kidogo mwa Cairo. Mifereji ilikuwa mitano, kila mmoja urefu wa mita 62 na upana wa mita 4, imelazwa kaskazini hadi kusini na kupangwa mbalimbali ili mmoja usitie mwenzake kivuli. Asubuhi yote ililalia mashariki; ikageuka polepole kulifuata jua, na jioni ikatazama magharibi.

Majaribio ya kwanza, mwaka 1912, yalikuwa aibu. Mabomba ya boila yalikuwa ya zinki. Vioo vilikusanya joto jingi kuliko walivyotarajia, na zinki ikaanza kulegea na kuning'inia, mabomba yakaharibika kabla mtambo haujaonyeshwa kwa mtu. Ni kosa la ajabu kwa mradi uliokaguliwa na wataalamu wengi hivyo, ingawa ni kosa lenye habari njema ndani yake: kumbe jua lilikuwa kali kuliko hesabu. Wakayang'oa, wakaweka ya chuma, wakangoja mwaka upinduke.

Julai 1913 wakubwa wa Cairo walikusanyika. Alikuwepo Lord Kitchener, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Misri na mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la Khedive, mtawala wa nchi. Mvuke ulipopanda, injini ilianza kuvuta maji ya Nile na kuyamwaga kwenye mifereji ya umwagiliaji, zaidi ya lita 20,000 kila dakika. Nguvu yake ilifika zaidi ya nguvu-farasi 50. Kwa macho ya leo ni ndogo, gari la kawaida linaipita mbali, lakini moshi haukuwepo, wala mtu wa kukoleza moto kwa sepetu. Kitchener alivutiwa kiasi cha kumpa Shuman ahadi ya shamba la pamba la ekari 30,000 nchini Sudan ili ajaribu tena kwa ukubwa zaidi. Wajerumani nao walimwita: wabunge wa Reichstag walimsikiliza, na Ujerumani ikaahidi fedha za kujenga mitambo ya namna hiyo katika makoloni yake ya Afrika. Sisi wa upande huu tunapaswa kukumbuka kwamba Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jua lilikuwa linaelekea kuwa chombo cha kikoloni kama reli na bunduki, la kumwagilia pamba ya watu wengine, na anayeisifu Maadi kama bustani ya Edeni iliyopotea hana budi kulitazama na hilo.

Shuman hakuridhika na pamba. Alipiga hesabu kwamba eneo la Sahara la maili za mraba 20,000 hivi, likifunikwa kwa mifereji yake, lingetoa nguvu sawa na fueli yote iliyochimbwa duniani mwaka 1909. Hesabu ile watu wameirudia mara nyingi tangu wakati huo, kila kizazi kikidhani kimeigundua chenyewe.

Kuna jambo moja kuhusu Maadi ambalo naona lilichangia mafanikio yake kuliko parabola. Kazi iliyochaguliwa haikuhitaji ghala. Shamba halijali maji yamepandishwa saa ngapi. Ukiyapandisha mchana na kuyaacha mferejini, yatakaa hapo usiku kucha. Maji yaliyoinuliwa yenyewe ni akiba. Shuman hakuusahau usiku, katika mipango yake alifikiria tangi kubwa la maji ya moto lililofunikwa ili injini iendelee jua likizama. Ila aliyemshangilia siku ile ya Julai alikuwa akishangilia pampu. Kitongoji cha Maadi chenyewe, nyumba zake na taa zake, hakikupata chochote kutoka kwenye vioo vile.

Agosti 1914 vita vikazuka. Wahandisi wakarudi makwao, mtambo ukavunjwa na chuma chake kikatafutiwa kazi nyingine. Kitchener akawa waziri wa vita wa Uingereza na kufa baharini 1916. Shuman akafa 1918. Ahadi ya Wajerumani ikafa pamoja na makoloni yao. Kilichobaki ni mafuta: miezi miwili tu kabla ya vita, bunge la Uingereza lilikuwa limeidhinisha serikali inunue sehemu kubwa ya hisa za kampuni ya mafuta ya Uajemi ili kulisha manowari zake. Mafuta yalikuwa na kila sifa ya makaa na ya ziada, yanamiminika, yanabebeka, yanakaa pipani miaka. Kwa miaka 60 iliyofuata hakuna aliyejenga tena mtambo wa mifereji wa ukubwa ule.

Swali la ghala likahama kutoka shambani likaingia chumbani. Huko Massachusetts, Marekani, baridi ni kali na jua la Januari ni la kubahatisha. Mwaka 1939 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, chini ya Hoyt Hottel, ilijenga nyumba ndogo iliyokalia tangi la maji la lita 66,000 hivi. Joto la kiangazi lilihifadhiwa humo likafika majira ya baridi. Ilifanikiwa kabisa, na Hottel mwenyewe akahesabu kwamba hailipi. Tangi lilikuwa karibu kuwa nyumba, na nyumba kipambo chake.

Mwenzake katika mradi huo, Maria Telkes, mzaliwa wa Budapest, hakukubali kwamba maji ndiyo mwisho wa safari. Wakati wa vita alikuwa ametengeneza kifaa cha kuwapatia mabaharia na marubani waliokwama baharini maji matamu kwa kuyafukiza ya chumvi juani, kwa hiyo jua alilijua kwa mikono. Alichagua chumvi ya Glauber, salfeti ya sodiamu yenye maji ndani ya fuwele zake, rahisi kupatikana na inayojulikana tangu karne ya 17 kama dawa ya kuharisha. Sifa yake ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi joto 32. Barafu ikiyeyuka hunyonya joto jingi bila yenyewe kupanda joto, na chumvi hii ni hivyohivyo: kilo moja ikiyeyuka humeza joto ambalo lingepandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 60. Ikiganda tena, hulirudisha lote. Kwa maana hiyo ghala la nyumba lingeweza kuingia kabatini.

Mkesha wa Krismasi wa 1948 familia ya binamu yake ilihamia katika nyumba iliyojengwa Dover, nje kidogo ya Boston. Mchoro ulikuwa wa Eleanor Raymond, fedha zilikuwa za Amelia Peabody, sayansi ya Telkes. Wanawake watatu katika fani ambayo wakati ule ilikuwa ya wanaume watupu. Ukuta mzima wa kusini wa ghorofa ya juu ulikuwa vioo, na nyuma ya vioo bati jeusi. Feni zilisukuma hewa ya moto kutoka hapo hadi kwenye vichumba vilivyojengwa kati ya kuta za vyumba, ambamo madebe ya chumvi yalipangwa, jumla tani zipatazo 21. Mchana chumvi iliyeyuka. Usiku iliganda, na hewa iliyopita kati ya madebe ikaenda vyumbani na uvuguvugu wake. Nyumba haikuwa na tanuri. Magazeti yakaizungumzia, wageni wakaja kuichungulia, na majira ya baridi ya kwanza yakapita salama.

Chumvi ndiyo iliyochoka. Kila ilipoyeyuka, sehemu yake isiyo na maji, iliyo nzito, ilizama chini ya debe na maji yakabaki juu. Ilipopoa, viwili hivyo havikukutana vyote tena kuwa fuwele. Mara ya kwanza tofauti haionekani. Baada ya kuyeyuka na kuganda mara mia kadhaa, chini kuna tabaka gumu lisilofanya kazi na juu maji ya chumvi tu. Madebe nayo yakaliwa na kutu, yakavuja. Majira ya baridi ya tatu familia ilianza kusikia baridi, na haikupita miaka mingi nyumba ikawekewa tanuri la mafuta. Uhusiano wa Telkes na Hottel, ambao haukuwahi kuwa mtamu, ulikwisha. Mwaka 1953 MIT ikaachana naye. Aliendelea na utafiti hadi uzeeni, akatafuta vitu vya kuchanganya na chumvi ili isitengane, akapata hataza baada ya hataza. Alikufa Budapest 1995. Watu wamemcheka kwa Dover. Mimi naona alikosea upande unaofaa: alijua kuwa ghala ndilo tatizo, akalifanyia kazi hilo badala ya kung'arisha vioo.

Chumvi ilirudi, ya jamii nyingine. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya 1973, Wamarekani walijenga minara jangwani California na kuizungushia vioo, na kati ya 1996 na 1999 mtambo wa majaribio ulioitwa Solar Two ulitumia mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu na nitrati ya potasiamu, vitu vinavyojulikana zaidi katika mbolea. Hii haigandi na kuyeyuka kila siku. Hubaki kimiminika: inatoka kwenye tangi la nyuzi 290, inapandishwa mnarani, inarudi ikiwa na nyuzi 565, inasubiri katika tangi la pili hadi jioni, ndipo itumike kutengeneza mvuke. Mwaka 2011 mtambo wa Gemasolar karibu na Seville, Uhispania, wenye akiba ya saa 15, ukawa wa kwanza wa kibiashara kufanya kazi saa 24 mfululizo. Morocco ikafuata, huko Ouarzazate. Noor I, uliofunguliwa na Mfalme Mohammed VI Februari 2016, ni mifereji ya parabola ya Boys iliyokuzwa hadi megawati 160, pamoja na akiba ya saa 3. Noor II na Noor III ikaongezwa, yenye akiba ya saa 7 hivi, ili miji ya Morocco ipate umeme wakati wa kupika chakula cha jioni. Hatari ya chumvi hii ni kinyume cha ile ya Telkes: ikipoa kupita kiasi inaganda mabombani, ikiwa moto inatafuna na kupanua vyuma. Tangi la Noor III lilivuja mwaka 2024, na mtambo ukasimama kwa miezi.

Katika mji mdogo wa Okotoks, Kanada, walikwenda chini badala ya juu. Nyumba 52 za mtaa wa Drake Landing, uliokamilika 2007, zilikusanya joto la kiangazi kwenye mapaa ya gereji zao na kulizamisha ardhini kupitia visima 144 vya kina cha mita 37. Majira ya baridi lilivutwa juu tena. Mwaka 2015 hadi 2016 jua lilizitosheleza kwa kila chembe ya joto la vyumbani, katika nchi ambayo theluji hushuka Oktoba. Ardhi haikushindwa. Mabomba na vipuri ndivyo vilivyozeeka, mtaa mmoja peke yake haukuwa na mtu wa kuvitengenezea vipya, na mwaka 2024 mfumo ulizimwa, nyumba zikaungwa kwenye gesi.

Umeme ulikuwa na njia yake. Aprili 1954 maabara za Bell huko New Jersey zilionyesha seli ya silikoni iliyobadili asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme, na kutoka hapo paneli zilikwenda angani kwenye setilaiti kabla ya kushuka kwenye mapaa. Betri ya risasi na asidi ilikuwepo tangu Gaston Planté mwaka 1859. Nchini Kenya vilikutana kwa mpangilio wa kinyume na vitabu: miaka ya 1980, kwenye maeneo ya kahawa na chai yasiyofikiwa na gridi, watu walikuwa tayari wana betri za gari za kuendeshea televisheni, wakizibeba hadi mjini kuzichajisha. Ghala lilitangulia, paneli ikaja kulijaza. Pengine ndiyo maana sola iliota mizizi huko bila mradi mkubwa wa serikali.

Kilichobadili hesabu za majiji ni lithiamu. Sony iliuza betri za kwanza za aina hiyo mwaka 1991, kwa ajili ya kamera. Simu zikazifanya nyingi, magari yakazifanya rahisi, na mwaka 2017 Australia Kusini ikaunganisha kwenye gridi yake, huko Hornsdale, betri ya megawati 100. Kobalti iliyotiwa katika betri nyingi za miaka hiyo ilitoka Kolwezi na vitongoji vyake, nchini Kongo, ambako wachimbaji huzungumza Kiswahili. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo.

Tarehe 16 Aprili 2024, giza lilipoingia California, betri za gridi zilitoa zaidi ya megawati 6,000 za jua lililokusanywa mchana, na kwa muda jioni ile zikawa chanzo kikubwa kuliko vyote, gesi ikiwamo. Ni gesi ileile iliyofunga biashara ya jua ya Bailey. Miezi tisa baadaye, Januari 2025, jengo lililojaa betri huko Moss Landing, kwenye pwani ya jimbo hilo, liliwaka moto na watu wapatao 1,500 wakaamriwa kuhama. Maghala mapya yanajengwa kwa makontena yaliyotenganishwa uwanjani, ili moja likiwaka lisiambukize jingine, na betri zinazowekwa humo nyingi ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti kabisa. Mwezi uliofuata moto huo, serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikitaka bei iliyoporomoka inyanyuke.